Maua ya Kunituliza

Jumapili, 10 Agosti

Daftari hili ni la maua tu. Mengine sitayaandika. Nina mtoto wa miezi saba na mkono mmoja wa kuandikia.

Nimelianzisha kwa sababu ya ujinga wangu wa mwaka jana. Tulifika Riyadh Februari, mimi na Rita, kumfuata Baba Rita ambaye ni fundi wa mashine za hospitali. Machi nikapanda. Kwetu Kimilili Machi mvua inaanza na hakuna mtu anauliza kama apande. Hapa mtaa wa Suwaidi hakuna aliyeniambia kwamba Machi ndio mlango wa jehanamu. Kufikia Mei zinia zangu zilikuwa zimeiva kama sukuma wiki kwenye sufuria. Umm Turki, mama yake mwenye nyumba, anayekaa juu yetu, alisimama kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ukuta. Akanionyesha kwa mikono: huku mtu hupanda jua likianza kuondoka, si likija. Mwisho wa mwaka, wakati wenyewe ulipofika, nilikuwa na mimba kubwa ya Alvin na sikupanda hata jani.

Mwaka huu naandika tarehe, nisiungue mara mbili.

Hoshi yetu ni ile nafasi kati ya mlango wa jikoni na ukuta wa barabara. Ni vigae vitupu, isipokuwa ukanda wa udongo wa hatua kumi na mbili chini ya ukuta. Ukanda huo ni wangu. Una waridi tatu za zamani na asumini moja iliyokwea ukuta. Vingine vyote jua limekula.

13 Agosti

Nyuzi 46. Maji ya bomba yanatoka ya moto kwa sababu tangi liko juu ya paa, ukimwagilia nayo unapika mizizi. Nayajaza kwenye beseni jikoni jioni, asubuhi yamepoa. AC inadondosha kikombe kimoja tu kwa siku. Hewa ya Riyadh imekauka, haina hata jasho la kutoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilisema maua tu, lakini hili niliweke. Nilipokuwa namwagilia alfajiri, Rita alitoka amekaa mabegani kwa baba yake, amemshika masikio kama usukani. "Daddy, twende kushoto! Daddy, kulia!" Naye anakwenda, na macho yake yamejaa usingizi wa zamu.

Rita alizaliwa Webuye, kwa mama mkwe, Baba Rita akiwa huku. Karibu miaka mitatu tuliishi hivyo, yeye kwenye simu, sisi kwa mama yake. Tulipotua hapa uwanjani Rita alimwita anko. Ilichukua miezi mitano aache. Nililia siku ile kwenye choo cha uwanja wa ndege na nikaapa: nyumba mbili sitaishi tena. Njaa nitavumilia, joto hili la kuoka mkate nitavumilia. Nyumba mbili hapana.

20 Agosti

Baba Rita alikuwa na mapumziko, akatupeleka soko la Dirah kwa yule Mbangladeshi wa mbegu. Petunia pakiti mbili, nyeupe na zambarau. Mbegu zenyewe ni vumbi, ukipiga chafya umemaliza shamba. Nimezichanganya na mchanga mkavu, nikazinyunyiza juu ya udongo kwenye visahani vya plastiki vya wali wa kununua, nikafunika kwa karatasi ya nailoni. Hazifukiwi, zinataka mwanga. Nimezipanga jikoni karibu na AC.

Baba Rita aliniuliza, "Hizi zitatoa maua lini?"

"Katikati ya Novemba, zikipona."

"Mbali," akasema, akaenda kulala.

24 Agosti

Umm Turki amenipigia kelele kutoka dirishani kwa sababu aliniona na mkasi karibu na waridi. "La, Umm Rita! Mafi! Mafi!" Kisha akanyoosha kidole kusini na kusema Suhail, Suhail. Turki, mtoto wake mwenye nyumba, alinieleza jioni kwa Kiingereza: ni nyota. Ikionekana kusini kabla ya alfajiri, makali ya joto yamevunjika. Waridi haziguswi na mkasi kabla yake. Wazee wao walihamisha ngamia kwa nyota hiyo, mimi nitapogoa waridi tatu.

27 Agosti

Hakuna jipya. Simu imelia meseji siku nzima, zote za Kiarabu, matangazo ya kuku na matairi. Sikufungua hata moja.

28 Agosti

Zimeota! Kijani kidogo kama kutu ya maji. Rita amezihesabu akafika kumi na nane, kisha akarudi kwenye nne.

Jumamosi, 30 Agosti

Baba Rita ameniletea magunia mawili ya udongo mzuri wenye mbolea, bila mimi kuomba. Ameyabeba begani kutoka kwenye gari la rafiki yake, jua likiwa utosini. Akaniambia, "Tia moyo wako hapo, Mama Rita, usijali kitu." Wenzangu wanasema wanaume wa Uarabuni husahau wake zao hata wakiwa nao chumba kimoja. Mimi Mungu amenipa mume.

6 Septemba

Vumbi. Milango imefungwa siku nzima na bado limeingia kwenye meno.

9 Septemba

Chumvi nyeupe imetanda juu ya udongo wa waridi. Nimeikwangua kwa kijiko. Alvin ana jino linakuja, amelia kutoka adhuhuri mpaka magharibi. Baba Rita amelala na mto juu ya kichwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Pauline amekuja. Ni nesi hospitali moja na Baba Rita, wa kwetu upande wa Kitale, na ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kuonyesha vidole. Nilimwonyesha miche. "Itachanua lini?" akauliza. Nikamwambia Novemba. Akachovya andazi kwenye chai mpaka likavunjika likazama. Akalitafuta na kijiko muda mrefu sana.

16 Septemba

Nimehamisha miche kwenye vikombe vya karatasi, mmoja mmoja, kwa ncha ya kijiti. Themanini na moja. Mgongo umekufa. Alvin nilimfunga mgongoni na kwa hivyo umekufa mara mbili. Lakini asubuhi kulikuwa na upepo, kidogo tu, wa kwanza usiochoma.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo sijali kama ni daftari la maua.

Zablon alikuja baada ya chakula cha mchana. Zablon hufanya kazi na Baba Rita, na mtu mwenyewe ni wa vichekesho, huwa anaingia anaimba. Leo hakuimba. Baba Rita alikuwa amelala kwa sababu ya zamu ya usiku. Nikamwambia Zablon akae nimtengenezee chai. Nikabandika chai, nikaenda chumbani kumtazama Alvin. Niliporudi sebuleni hayupo. Namkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya friji na futi ya chuma, anapima upana.

"Shemeji, hii huwa inaganda sana huku juu?"

"Unataka kununua friji, Zablon?"

"Kununua tena? Si Frankline alisema niichukue tu mkishaondoka. Nilikuwa naona kama itapita kwangu mlangoni, mlango wangu ni kama wa kuku." Akacheka. Kisha akaniona uso. Futi ikajirudisha yenyewe ikampiga kidole.

"Tukishaondoka kwenda wapi?"

"Aki, shemeji. Mimi nilijua unajua."

"Kwenda wapi, Zablon?"

"Yeye Jeddah. Wewe... si unaenda nyumbani na watoto? Exit si ilitoka zamani?" Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. "Shemeji, nakuomba, mimi sikusema kitu." Cha pili alikivalia barabarani. Chai yake niliimwaga kwenye sinki.

Nikachukua simu. Meseji za Kiarabu mia tatu na kitu. Sijui kusoma hata moja. Nikapanda ngazi na Alvin kiunoni, nikampa Umm Turki simu. Alivaa miwani, akapita kuku, akapita matairi, akirudi nyuma kwa kidole kimoja, siku baada ya siku. Akafika tarehe 27 Agosti akasimama. Akaisoma kimya. Kisha akanitazama juu ya miwani na akasema neno ambalo kila mgeni wa nchi hii analijua hata kama hajui jingine. Exit. Ya mwisho. Si ile ya kwenda na kurudi. Akanionyesha vidole sita, kisha akafanya ngumi ya sifuri. Siku sitini. Tatu, majina matatu: langu, la Rita, la Alvin.

"Halas," akasema. "Safari."

Nikakaa kwenye ngazi yake. Yeye naye akakaa kidato kimoja juu yangu, magoti yakilia. Nilidhani atanipa pole. Akanigusa bega, akaonyesha chini kwenye vikombe vyangu, akauliza kama nikienda anaweza kubaki na zile nyeupe.

Yaani kila mtu ameshagawana!

Hapa lazima niandike kitu kwa ajili yangu mwenyewe, nisije nikajidanganya baadaye. Ikama, kibali cha kuishi hapa, yangu na ya watoto iko chini ya mume wangu. Wadada wa kazi wana makafili Waarabu, wale wadhamini wanaowashikia karatasi, na tunawaonea huruma. Kafili wangu mimi ni Frankline Wafula. Anaweza kunitoa katika nchi hii akiwa amekaa kitandani, kwa kidole gumba, kwenye ile programu ya serikali. Na amefanya hivyo.

Aliamka alasiri. Akatoka anajikuna tumbo.

"Mama Rita, chai iko?"

"Exit ni ya nani, Frankline?"

Sijawahi kumwita Frankline tangu tuoane. Akasimama hapo hapo.

"Nani amekwambia?"

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Kaa chini tuongee."

"Nimesimama."

Akaniambia. Hospitali inampeleka kwenye tawi la Jeddah, anaanza tarehe tano Oktoba. Atakaa bweni la wafanyakazi wanaume, Nuzha. Nyumba hakuna.

"Walikuuliza kama una familia?"

Akajikuna tumbo tena.

"Frankline, walikuuliza?"

"Kulikuwa na karatasi."

"Karatasi ikisema nini?"

"Visanduku viwili. Na familia, ama peke yako." Alikuwa anaangalia miguu yake. "Nikatia alama kwa peke yangu."

Nilimuuliza kwa nini. Nilitarajia uongo. Ningejua la kufanya na uongo. Hakudanganya.

"Nimechoka, Mirriam. Nafanya kazi usiku, narudi, Alvin analia, Rita ananirukia, wewe unanieleza chumvi ya udongo. Nataka mwaka mmoja tu wa kulala. Mmoja. Kwa mama kuna nafasi."

Nilicheka. Ilitoka tu. Mimi sijalala zaidi ya saa tatu mfululizo tangu Januari. Nani atanibonyezea mimi exit?

"Na ungeniambia lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati. Ulikuwa na furaha na bustani yako, nikaona nisikuharibie. Nikasema acha maua yakutulize kwanza."

Yanitulize.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili. Tarehe 27 Agosti alibonyeza. Tarehe 30, siku tatu baadaye, akaniletea magunia mawili ya udongo. Tia moyo wako hapo, Mama Rita. Mtoto akitaka kulia unampa kijiko achezee. Alijua Novemba sitakuwepo. Aliniuliza zitatoa maua lini, nikamwambia, akapiga hesabu, akasema "mbali," akaenda kulala. Na mimi nikaandika, kwa mkono wangu, Mungu amenipa mume. Nilitaka kuichana karatasi ile. Nimeiacha. Ikae hapo inichome.

20 Septemba

Siongei naye. Miche ina majani sita.

21 Septemba

Siongei naye.

Jumanne, 23 Septemba

Sikukuu yao ya taifa. Bendera kila gari, kila mtoto kijani. Rita amepakwa bendera shavuni na wajukuu wa Umm Turki.

Nimepogoa waridi. Suhail imeshatoka zamani, ruhusa ninayo. Nimeanza na matawi makavu kama inavyotakiwa, kisha mkono ukaendelea wenyewe, nikakata na mazima, mpaka Umm Turki akashuka ngazi bila hata shela yake ya kichwa. Alinishika kifundo cha mkono. Yule mwanamke ana nguvu. Akaniondolea mkasi, akanionyesha jicho la tawi, pale chipukizi litakapotokea, kidole kimoja juu yake ndipo pa kukata. Akakata moja. Akanirudishia mkasi. Hakuondoka mpaka nilipomaliza, na kila nilipotaka kukata vibaya alipiga ulimi.

Waridi mbili zimekuwa vizuri. Ya tatu, ile niliyoikatia hasira, ni kisiki.

25 Septemba

Nimekata vichwa vya petunia zote. Unafinya ncha kwa kucha, ili shina litoe matawi badala ya kurefuka. Themanini na moja. Frankline alipita akauliza, "Mbona unazivunja?" Ni neno la kwanza kusemwa nyumbani humu tangu Ijumaa isipokuwa la watoto. Nikamwambia aulize Zablon.

Ijumaa, 26 Septemba

Pauline alikuja na keki. Sikukata.

"Ulijua."

"Mama Rita, hospitali nzima tulijua. Nikadhani unajua, na hutaki kulizungumza."

"Uliniuliza zitachanua lini."

"Nilitaka kuona kama utasema kitu." Akaanza kulia. Sikuwa na nafasi ya machozi ya mtu mwingine, nikampa Alvin amshike ndipo anyamaze. Hakuna anayelia vizuri akiwa na mtoto anayemvuta pua.

Baadaye akaniambia jambo la maana, na hilo nimelitunza. Siku sitini zikiisha na mtu hajatoka, serikali haimfuati mke. Inamfuata aliyebonyeza. Faini ni ya kafili, na mambo yake yote ya karatasi yanafungwa mpaka ajibu.

"Una hakika?"

"Ilimpata mtu wa maabara kwetu. Alikonda kama sindano."

Sitini kutoka tarehe 27 Agosti ni tarehe 26 Oktoba. Nimeiandika kwenye ukuta wa hoshi kwa chaki ya Rita.

28 Septemba

Nimemwambia. Nilikuwa nakwangua chumvi, hata sikuinua kichwa.

"Tiketi ulizonunua ni za lini?"

"Tarehe kumi na nane."

"Rudisha. Sitapanda."

"Mirriam, exit imetoka. Huwezi kukaa."

"Naweza. Wewe ndiye huwezi. Futa exit, utafute nyumba Jeddah, tuhamie wote."

Aliingia ndani, nikamsikia anampigia mtu simu anauliza habari za faini. Kwa sauti ya chini, mwanaume mzima.

Jumapili, 5 Oktoba

Ameondoka na begi moja. Rita alimshika mguu mlangoni. Alimtoa kidole kimoja kimoja, polepole. Nilimwonea huruma kwa muda wa kufunga mlango. Kisha Rita akaniuliza, "Daddy ameenda kuwa anko tena?" na huruma yote ikaisha.

Simpendi mtu huyu leo. Naliandika waziwazi.

7 Oktoba

Asubuhi nyuzi 24. Nimepanda petunia ardhini. Wote wamekuwa wananiuliza kwa nini napanda: nikikubali exit naondoka, nikikataa nahamia Jeddah. Umm Turki mwenyewe aliuliza. Sina jibu la kiungwana. Miche ilikuwa imejaa vikombe, mizizi inazunguka chini kama uzi. Haikufanya kosa. Nimetumia udongo wa Frankline, magunia yote mawili, mpaka punje ya mwisho. Sikumwachia Zablon.

8 Oktoba

Paka wa barabarani amelala juu ya miche minne. Nimemrushia kandambili.

9 Oktoba

Frankline amepiga simu mara tano. Nyumba hakuna, anasema. Jeddah imejaa. Amezunguka Nuzha yote, hakuna hata chumba cha familia.

"Umezunguka lini, na una zamu?"

"Nimezunguka."

"Sawa."

13 Oktoba

Zimeshika. Asubuhi zote zimesimama.

15 Oktoba

Mama mkwe amepiga kutoka Webuye. "Mwanangu, mbona unamtesa kijana wangu? Rudini, chumba nimefagia." Nilimjibu kwa heshima yote kwamba chumba ni kizuri na nashukuru, na kwamba alikifagia kabla mimi sijaambiwa. "Sikujua hukuambiwa," akasema. Akakata. Nadhani ni kweli, na nadhani alimpigia Frankline baada yangu, maana huyo leo hajanipigia.

Jumapili, 19 Oktoba

Ndege ya jana imeondoka bila sisi. Siku saba zimebaki.

Asumini imetoa ua moja, dogo, limejipinda. Halinuki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Keshokutwa nakwenda Jeddah kuiona hiyo iliyojaa. Umm Turki amesema atamwagilia. Nimemwonyesha: asubuhi, maji ya beseni, si ya bomba. Amekasirika nimfundishe kumwagilia katika nyumba yake. Vizuri. Akikasirika hatasahau.

Jumatano, 22 Oktoba. Jeddah

Basi kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi magharibi. Alvin alitapika Taif. Rita aliimba wimbo mmoja mpaka Mpakistani wa kiti cha mbele akaujua.

Niliposhuka, miwani ya abiria wote ilijaa ukungu. Hewa hapa unaweza kuikamua. Nilimpigia Frankline: "Niko kituo cha mabasi na watoto wako. Njoo."

Alikuja anakimbia, na nguo za kazi. Bweni haliingii mwanamke, hata mlangoni mlinzi hatakubali usimame. Ikabidi atafute fleti ya familia ya kulala siku mbili, na kule mapokezi walitaka kadi ya familia. Aliitoa mfukoni. Nikaitazama: jina lake juu, sisi watatu chini. Yule kijana wa mapokezi akamwambia, "Mashallah, watoto wawili." Frankline akasema ndiyo. Hakujua pa kuweka macho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumetembea Nuzha. Si mbali. Barabara nne tu kuzunguka bweni lake, mimi na Alvin mbele, yeye nyuma na Rita.

Kibao cha kupangisha hata mimi nakijua, ni neno nililoliona Riyadh kwenye kila jengo tupu. Cha kwanza kilikuwa jengo la pili kutoka mlango wa bweni. Nikasimama chini yake, nikasubiri atufikie.

"Hicho ni nini?"

"Ni cha... sikukiona."

Cha pili. Cha tatu kilikuwa kikubwa kama shuka. Kufikia cha saba alikuwa ameacha kusema. Kila kibao nilisimama. Jasho lilimtoka mpaka kwenye mkanda, na sikumwonea huruma, nami nilikuwa na kilo tisa mgongoni.

Mlinzi wa jengo la saba, Msudani, alitupandisha juu. Vyumba viwili vya paani, jiko, choo, madirisha pande mbili. AC ya nje inamwaga maji kama bomba, ndoo nzima imejaa chini yake. Nilimuuliza vimekaa tupu tangu lini. "Julai," akasema.

Julai.

Frankline akaenda ukingoni mwa paa, akarudi. Akajaribu kutabasamu. "Hapa pana nafasi, Mama Rita. Unaweza hata kupanda maua yako."

"Usinitajie maua."

"Nilikuwa nasema tu..."

"Usinitajie. Ukitaka kuniambia kitu, niambie kitu chenyewe."

Msudani akashuka ngazi, kasi.

Frankline alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema amekosa. Akasema alipofika bwenini usiku wa kwanza alilala saa tisa mfululizo, wa pili pia, na wa tatu akaamka kwa sababu ya kimya. Akasema atafuta exit leo hii, tutahama wote, yaishe.

Nikamwambia haiishi. Leo umechoka unanitoa, kesho umepata upweke unaniweka. Na mwaka ujao ukichoka tena? Nitajua kwa futi ya Zablon?

"Unataka nifanye nini?"

Nilikuwa nimelifikiria kwenye basi tangu Taif. Ile programu haikubali kitu mpaka itume namba kwenye simu ya mwenye akaunti. "Simu iliyosajiliwa humo iwe yangu," nikasema. "Kila ukitaka kufanya lolote juu yetu, namba ije kwangu kwanza."

"Mirriam, ile ni akaunti ya kafili."

"Ndiyo maana."

"Watu wa kazini wakijua watanicheka."

"Waambie mimi nilicheka wa kwanza."

Rita alikuwa anachezea maji ya AC, amelowa mpaka chupi, na hakuna aliyemkataza.

Ijumaa, 24 Oktoba. Jeddah

Amebadilisha. Imechukua saa nzima na alama ya kidole kwenye mashine ya serikali, lakini amebadilisha.

Tulirudi fleti. Akakaa kwenye kiti mkabala nami na simu yake, akaingia, akatafuta majina yetu matatu, akabonyeza kufuta exit. Simu yangu ikalia kwenye godoro. Tarakimu sita.

Nilikuwa namnyonyesha Alvin.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika."

"Nisomee."

"Mtoto ananyonya."

"Mama Rita, ina dakika chache tu, itakufa."

"Basi itakufa."

Akatazama skrini yake, akanitazama, akatazama skrini. Alvin alinyonya taratibu, anasimama, anaanza tena, kama mtu mwenye haki. Nilimweka begani, nikampiga mgongo mpaka akacheua. Simu ya Frankline ikamwambia muda umekwisha.

"Omba nyingine," nikasema.

Akaomba nyingine. Ikalia. Nikamlaza Alvin katikati ya godoro, nikafunga vifungo vya blauzi, nikaichukua simu. Nikamsomea tarakimu moja moja, na baada ya kila moja nikanyamaza mpaka ainue uso anitazame, ndipo nikasema inayofuata.